Kumfikisha Mgeni Hadi Sitahani: Funzo la Meli Tatu za Portsmouth



Meli ya kale haikuundwa kwa ajili ya watalii. Vizingiti viliinuliwa ili maji yasiingie, ngazi zikasimamishwa wima ili zisile nafasi ya shehena na mizinga. Inapogeuzwa makumbusho, vitu hivyo hivyo humzuia mzee mwenye magoti mabovu, mama aliyebeba mtoto na mtumiaji wa kiti cha magurudumu. Hoja yangu ni kwamba safari ya mgeni ipimwe yote, tangu kituo cha basi hadi ngamani, na ipimwe kwa hatua iliyo ngumu kuliko zote.

Mfano wa Portsmouth

Katika bandari hii ya kusini mwa Uingereza, stesheni ya treni iko karibu kabisa na lango la makumbusho. Asiye na gari hufika bila taabu. Ugumu huanza ndani.

HMS Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765, imo katika chelezo kikavu tangu 1922. Haipandi wala haishuki na maji, lakini kati ya sitaha na sitaha kuna ngazi kali, na boriti za chini humlazimu mtu mrefu kuinama.

HMS Warrior, ya mwaka 1860, ingali inaelea. Maji ya bamvua huko hupanda na kushuka karibu mita 4, na meli inayoelea hufuatana nayo. Daraja la kupandia lililokuwa na mteremko mwepesi asubuhi laweza kuwa kali alasiri. Sisi wa mwambao tunazijua saa za kupwa na kujaa. Tuzitangaze pamoja na saa za kufungua.

Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikaopolewa 1982, na jumba lake likafunguliwa 2013. Mabaki yake hayakanyagwi. Wageni wote huyatazama kutoka kwenye roshani za ghorofa tofauti, na lifti huwafikisha huko. Aliyeketi na anayesimama wanaiona meli ile ile.

Mapendekezo

Kwanza, kabla ya kununua lifti, tutembee njia nzima pamoja na watu wenye ulemavu, nao ndio waseme inakatika wapi.

Pili, tutangaze mapema idadi ya ngazi, upana wa milango na sehemu zisizofikika. Mgeni asiugundue ukweli akiwa ameshalipa nauli.

Tatu, pasipoweza kubadilishwa bila kuiharibu meli, tuweke picha za video, sauti na vielelezo vya kushikwa, mahali panapofikika.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unautambua ushiriki katika utamaduni kuwa haki ya watu wenye ulemavu. Kwa hiyo gharama ya mteremko na lifti iingie kwenye bajeti ya ukarabati tangu siku ya kwanza, sambamba na mbao na rangi.