Uvimbe Mlafi: Je, Tumnyime Mtoto Chakula?

  

Leo tunajibu swali ambalo walezi huuliza mtoto anapopatikana na saratani. "Daktari, nasikia saratani hula sukari. Nikimnyima mtoto chai, uji na ugali, si uvimbe utakufa njaa?" Swali hili si la kijinga. Nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayotupotosha.

Chukua saratani ya Burkitt, inayoota sana kwenye taya au tumbo la mtoto. Inaitwa hivyo kwa jina la Daktari Denis Burkitt, aliyewaona watoto wenye taya zilizovimba katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka wa 1957, akaandika habari zao mwaka wa 1958. Aliona kwamba hupatikana zaidi mahali penye joto na mvua, yaani penye malaria nyingi. Ndiyo maana Bungoma iko hatarini kuliko Kitale yenye baridi. Lakini watoto husafiri kwenda kwa nyanya zao, kwa hivyo wewe wa Kitale usizime redio. Wengi wanaougua ni wa miaka 4 hadi 7.

Sasa sikiliza jinsi uvimbe huu unavyokula. Seli ya kawaida ya mwili huchukua sukari itokayo kwenye chakula na kuichoma polepole kwa hewa tunayovuta, mpaka ipate nguvu yote iliyomo. Seli ya saratani huichoma nusu tu, hata kama hewa ipo. Mjerumani Otto Warburg aliligundua jambo hili miaka ya 1920. Kwa kuwa inapata nguvu kidogo kutoka kwa kila chembe ya sukari, inalazimika kumeza sukari nyingi mno. Inayobaki hugeuka asidi, ileile inayofanya maziwa lala yawe machachu. (Hapana, mama, maziwa lala hayaleti saratani. Mpe mtoto anywe.)

Kwa nini iharibu chakula hivyo? Mtu anayejenga nyumba kwa haraka hachomi mbao zake zote jikoni. Baadhi anaziweka za kujengea. Seli ya saratani hufanya vivyo hivyo: vipande vya sukari inavigeuza mafuta na vitu vingine vya kuunda seli mpya. Seli za Burkitt zinaweza kuongezeka mara mbili kwa saa 24 hadi 48 tu.

Uvimbe ukizidi kukua, seli za katikati huwa mbali na mishipa ya damu na hewa haizifikii. Nyingine hufa. Zinazobaki hujifunza kuishi karibu bila hewa kabisa, na uvimbe huvuta mishipa mipya ya damu iulishe.

Basi, tukinyima sukari? Hapa ndipo mpango wetu unaposhindwa. Sukari ikipungua, ini la mtoto hutengeneza nyingine kutokana na misuli yake mwenyewe. Na seli hizi zina ujanja: zinaweza pia kutumia viini vya protini vilivyomo kwenye damu. Mtoto atakonda, mikono itabaki mifupa, na uvimbe utaendelea kula. Halafu akifika hospitali, mwili hauna nguvu ya kustahimili dawa. Kwa hiyo mpe uji wa wimbi, mayai, omena, maharagwe, ndizi. Taya likiuma, ponda chakula kiwe laini, umpe kidogo kidogo mara nyingi.

Ulafi huo huo una upande mmoja mzuri. Dawa za saratani hushambulia zaidi seli zinazojigawa kwa kasi, na hizi za Burkitt zina kasi kuliko karibu zote. Watoto wengi wanaotibiwa mapema na kumaliza dawa zote hupona.

Kwa hivyo mchunguze mwanao. Je, shavu limevimba upande mmoja? Meno yanalegea bila kuoza? Jicho linasukumwa nje? Tumbo linajaa upesi? Usingoje jino ling'olewe kwanza, wala dawa ya minyoo ijaribiwe mara tatu. Uvimbe unaokua kwa siku chache, nenda nao hospitali ya rufaa ya kaunti wiki hiyo hiyo, useme wazi umeanza lini. Watakata kipande kidogo kipimwe, na huenda wakakutuma Eldoret, hospitali ya rufaa ya Moi. Ukiwa bado nyumbani, mwandikishe mtoto kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Ukifika wodini, usishtuke wakimwekea maji mengi ya mshipa kabla ya dawa na kupima kila mkojo. Uvimbe huu ukifa, hufa kwa wingi mara moja, na uchafu wake unaweza kuziba figo. Maji ndiyo yanayousafisha. Weka kikopo cha mkojo karibu na kitanda, na usimwage kabla muuguzi hajauona.