Darasa la Wazee Mtoni

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mnaokalia madawati tuliyochora majina yetu: Mbukwenyi!

Nimetakiwa niseme juu ya kazi yangu serikalini. Mniwie radhi, kazi ya ofisi haina hadithi. Nitasema juu ya darasa la wazee.

Mwaka 1973 yalitokea mambo matatu. TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma; mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza; na kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima kuzunguka redio. Bibi yangu alikuwamo. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyelipa ada. Kijitabu kile alikitunza sandukuni pamoja na khanga zake mpaka alipofariki, nami nikakirithi.

Nikafikiri, mbona tusirudie? Nikaomba ruhusa ya kuendesha masomo ya bure ya maji na mazingira kwa wazee wa kijiji kimoja. Nikabandika tangazo. Siku ya kwanza hakuja mtu. Baadaye mzee mmoja aliniambia kwamba neno "bure" ndilo lililowatia hofu. Walidhani nyuma yake kuna mchango.

Mara ya tatu walikuja tisa. Nilikuwa na chati juu ya mvua yetu, ile milimita 550 hadi 600 kwa mwaka inayonyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha basi. Bibi mmoja akasema hayo wanayajua, twende mtoni. Tukaenda. Mto ulikuwa mchanga mtupu, kama mito yetu mingi wakati wa kiangazi. Akapiga magoti, akafukua kwa kipande cha kibuyu mpaka mkono ukazama, maji yakaanza kujikusanya. Akaeleza vizuri kuliko kitabu changu: maji ya mafuriko hujificha kati ya chembe za mchanga, jua hunyonya ya juu tu, ya chini hubaki, tena yamechujwa. Ukiondoa mchanga, maji yatapita yaende zake.

Kisha akanionyesha ng'ambo. Malori yalikuwa yamechota mchanga mpaka kwenye udongo wa mfinyanzi, na visima vyao vitatu vya pale vilikuwa vimekauka. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji ukawa jiji mwaka 2018, kila mtu anajenga. Bibi akaniuliza, "Na nyumba yako, mwanangu, umejengea mchanga wa wapi?"

Ndugu zangu, nilinunua malori kumi na moja, wala sikuuliza mchanga ulikotoka. Nilimwambia kweli. Hakunigombeza. Alisema, "Basi nawe ni mwanafunzi, keti."

Sasa wao hufundisha nusu ya somo. Tunabishana juu ya kuzuia kipande kimoja cha mto kisichimbwe. Si jambo jepesi: vijana wanaopakia mchanga ni wajukuu wao, na ujira ule ndio unaonunua unga. Mimi nilitaka itoke amri. Wazee wakanikumbusha Kondoa, ambako mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye ardhi iliyoliwa na mmomonyoko. Miti na majani yalirudi, lakini wenye ng'ombe waliumia. Wao wanataka wapakiaji waje darasani kwanza. Wawili wamekwisha kuja. Mmoja alilala usingizi, mwingine ameuliza maswali magumu kuliko yangu.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuomba fedha. Naomba wanafunzi kumi wa kidato cha tatu, Jumamosi moja kila mwezi, wapime kina cha maji kwenye visima vilivyobaki na kuandika daftarini yale wazee wanayosema, maana kati ya wale tisa tumekwisha kumzika mmoja. Usafiri nitautafuta. Chakula ni ugali kwa mlenda, na asiyekula mlenda abebe mkate wake.