Fungua Kifuniko, Mota Izime: Kujaribu Swichi za Usalama za Krasha ya Plastiki

Maandishi ya mazungumzo kwa vikundi vya kuchakata taka na wenye karakana wa Meru na Embu



Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki nyingine bado tunayo. Kuna chupa za maji, mitungi ya mafuta, kreti zilizovunjika na mipira chakavu ya kunyunyizia mashamba kama yale ya Mitunguu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinapotoka, na zinazofaa zirudi kwenye matumizi. Kwa hivyo mashine ya kusaga plastiki, ile mafundi wanaiita krasha, ni chombo cha riziki kwa vijana na akina mama wengi. Mazungumzo haya yanahusu sehemu yake ndogo kuliko zote, ambayo pia ndiyo ya kwanza kufungwa kwa waya inapoanza kusumbua: swichi ya kifuniko.

Ndani ya krasha kuna mhimili mzito wenye visu. Huzunguka mara mamia kwa dakika, karibu kabisa na visu vingine ambavyo havisogei. Chini yake kuna wavu wa chuma unaoamua ukubwa wa punje. Mashine iliyotengenezwa vizuri ina mdomo mrefu, mkono wa anayelisha usifikie visu. Shida huanza inapokwama. Kreti nene imebanwa, au nailoni imejisokota kwenye mhimili, na kibarua anaambiwa afanye haraka kwa sababu lori linasubiri mzigo. Anafungua kifuniko, anaingiza mkono.

Hapo ndipo swichi ina kazi. Kwenye kifuniko kuna ulimi mdogo wa chuma. Kifuniko kikifungwa, ulimi huingia ndani ya swichi na stima ya kuongoza hupita hadi kwenye kontakta, ile inayoipa mota nguvu. Kifuniko kikifunguliwa ulimi hutoka, kontakta huachia, mota hukosa stima. Krasha nyingi za kiwandani zina swichi mbili: moja ya kifuniko cha juu, nyingine ya mlango wa wavu wa chini.

Swichi hii huharibika kimya kimya. Vumbi la plastiki huingia ndani, mtikisiko hulegeza skrubu, maji ya kuoshea chupa huingia kwenye nyaya. Siku nyingine inazima mashine bila sababu, kazi inasimama, na fundi anaombwa "aiunganishe moja kwa moja". Wengine hununua ulimi wa pili na kuuacha ndani ya swichi siku zote. Mashine inarudi kazini vizuri sana, na kwa macho hakuna kilichobadilika. Kumlaumu kijana aliyefunga ule waya ni rahisi, lakini mara nyingi alikuwa amekwisha kusema kwamba swichi inasumbua na hakuna aliyenunua nyingine. Mwenye karakana atakayeweka swichi moja ya akiba kwenye kabati atakuwa ameondoa kishawishi hicho.

Sasa jaribio lenyewe. Ukaguzi wa nyaya na ndani ya kisanduku cha stima ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Jaribio la asubuhi linaweza kufanywa na mhudumu aliyefundishwa, mashine ikiwa tupu na mhimili umesimama kabisa. Fungua kifuniko cha juu peke yake, mlango wa chini ukibaki umefungwa. Watu wote wakae mbali, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia. Mota isigurume hata kidogo. Halafu funga kifuniko bila kugusa kitufe. Mashine ibaki kimya, kwa sababu kufunga kifuniko hakupaswi kuiwasha. Rudia hatua hizo zote kwa mlango wa chini, safari hii kifuniko cha juu kikiwa kimefungwa.

Kila mlango ujaribiwe peke yake, na kuna sababu. Swichi hizi zimeunganishwa kwa kufuatana, stima inapita ya kwanza ndipo iende ya pili. Ukifungua milango yote miwili kwa pamoja, na ya juu ni nzima lakini ya chini imeshikana ndani, mashine bado itakataa kuwaka. Utaandika kwenye daftari kwamba zote ni nzima. Wiki ijayo mtu atafungua mlango wa chini pekee, na mashine itawaka akiwa pale.

Jaribio la mashine ikizunguka aachiwe fundi. Njia salama ni kuulegeza ulimi kutoka kwenye kifuniko huku kifuniko chenyewe kikibaki kimefungwa kwa bolti, kuiwasha mashine tupu, kisha kuutoa ulimi kwenye swichi. Mota ikiendelea, kosa liko kwenye swichi, kwenye waya, au kwenye kontakta ambayo chuma chake kimeyeyuka na kugandana. Katika mashine nyingi kitufe chekundu cha dharura hupitia kontakta hiyo hiyo, kwa hiyo ikigandana, kitufe hicho nacho hakitafaa kitu. Ndiyo maana swichi kuu ya ukutani lazima iwe karibu, bila magunia mbele yake. Baada ya jaribio, ulimi urudishwe mahali pake na jaribio la asubuhi lirudiwe.

Kuna jambo ambalo hata swichi nzima haliwezi. Mota ikikosa stima, mhimili hausimami papo hapo. Ni mzito, na huendelea kuzunguka kwa kasi uliyokuwa nayo. Chukua simu yenye saa, bonyeza kitufe cha kuzima kifuniko kikiwa kimefungwa, hesabu sekunde hadi puli isimame. Kisha linganisha na muda ambao mtu anahitaji kufungua kifuniko. Kifuniko kikifunguka kabla mhimili haujasimama, swichi ya kawaida haitoshi. Inahitajika kufuli inayoachia baada ya mhimili kusimama, au bolti ndefu ambazo kuzifungua zote kunachukua muda zaidi ya huo.

Kisha kuna stima ya kukatika, ambayo hakuna anayehitaji kuelezwa, awe Maua au Siakago. Stima ikipotea katikati ya kazi, krasha huachwa na plastiki ndani na watu huona ndiyo nafasi ya kusafisha. Ikirudi, mashine isiwake hadi mtu abonyeze kitufe. Jaribu hilo pia: krasha ikizunguka tupu, zima swichi kuu, subiri isimame, washa swichi kuu. Ikianza yenyewe, isitumike hadi fundi airekebishe.

Kubadilisha visu au kutoa kilichokwama hakutegemei swichi ya kifuniko hata ikiwa mpya. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingiza mkono. Mhimili uzuiwe kwa kipande cha mbao, kwa maana kisu kizito kinaweza kuuzungusha kwa uzito wake tu.

Krasha nyingine zilizochomelewa kwa jua kali hazina swichi hata moja, na zile za injini ya dizeli haziwezi kulindwa kwa kukata stima ya mota. Hizo zifungwe vifuniko vya bolti visivyofunguka bila spana, na injini izimwe kabisa kabla spana haijaguswa. Wafugaji wenye mashine za kukata majani ya ng'ombe wasikilize hapo pia. Nyingi hazina kinga yoyote mdomoni, na wanaozilisha jioni ni watoto waliotoka shule.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila sehemu ya hatari ya mashine ikingwe. Inakataza mtu yeyote kuvuruga kwa makusudi kifaa kilichowekwa kwa ajili ya usalama, awe mwajiri au kibarua. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake, na halazimishwi kurudi pale hadi irekebishwe. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Ukaguzi wa kazi hiyo ni wa serikali ya kitaifa kupitia maafisa wa usalama na afya kazini, si wa kaunti. Kaunti inashughulika na taka zenyewe na leseni ya biashara, kwa hivyo kibali cha kaunti ukutani hakimaanishi kwamba mashine imekaguliwa.

Mtu akiumia, sheria ya fidia ya majeraha kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe amewakatia wafanyakazi wake bima. Afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lazima aarifiwe. Kama mtu amefariki, taarifa itolewe ndani ya saa 24. Mashine iachwe ilivyo, pamoja na ule waya kama ulikuwepo, na daftari la majaribio ya kila asubuhi litolewe: tarehe, mlango uliojaribiwa, matokeo, na jina la aliyejaribu.