Jedwali la Makabila katika Sensa ya Kenya: Linavyoundwa na Linavyopaswa Kutumiwa

1. Utangulizi

Mada yangu inahusu mchanganyiko wa watu wa dola kwa asili na kabila, nami nimeichukua kwa mfano wa Kenya. Kila baada ya miaka 10 serikali yetu hutuma makarani nyumba kwa nyumba kuuliza, pamoja na mambo mengine, kabila la kila mtu. Majibu yakishatangazwa, siku hiyo hiyo wanasiasa huanza kuyajumlisha na kuyatoa kama hesabu za kura.

Ninachotetea hapa ni hiki: kuhesabu makabila kuna manufaa ikiwa lengo ni kumtambua aliyeachwa nyuma. Lengo likiwa kujua nani amzidi nani, zoezi hilo linatudhuru.

2. Picha ya jumla

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Wakikuyu walikuwa milioni 8.1, Waluhya milioni 6.8, Wakalenjin milioni 6.4, Wajaluo milioni 5.1 na Wakamba milioni 4.7. Jamii hizo tano kwa pamoja ni takribani theluthi mbili ya watu wote. Hata hivyo, hakuna hata moja inayofikia moja ya tano ya taifa. Kenya haina kabila la wengi, na anayedai kutawala kwa wingi wa kabila lake huwa tayari ameshahesabu na watu wa makabila mengine.

Upande wa pili wa jedwali kuna Waelmolo wa Ziwa Turkana, ambao mwaka 2019 walihesabiwa wapatao 1,100, na Wadahalo wa pwani ya kaskazini, ambao hawakufika 600. Kwao, kukosa safu kwenye jedwali ni karibu sawa na kutokuwepo.

3. Makundi huundwa

Tumezoea kusema kwamba Kenya ina makabila 42, lakini dodoso la mwaka 2009 lilikuwa na majina zaidi ya mia ya makabila na koo zake. Idadi hubadilika kulingana na anayepanga orodha. Mwaka 1969 Wakipsigis na Wanandi walihesabiwa kila mmoja peke yake. Sensa ya 1979 ikawaweka pamoja na ndugu zao chini ya Wakalenjin, na papo hapo likapatikana kundi kubwa kitaifa. Hapakuwa na watu waliohama. Kilichobadilika ni mstari wa jedwali. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na wenzao nao huhesabiwa kama Wamijikenda, umoja ulioshika nguvu katika miaka ya 1940.

Mfano wa Waswahili unatugusa zaidi sisi wa pwani. Mwaka 2009 walitajwa wapatao 110,000, na ndani yao wakahesabiwa Wabajuni pamoja na watu wa Mvita, Kilindini, Changamwe, Amu, Pate na kwingineko. Mwaka 2019 Wabajuni walipewa safu yao, na Waswahili wakabaki wapatao 56,000. Mtu akisoma tarakimu hizo mbili bila maelezo atadhani Waswahili wamepungua kwa nusu katika miaka 10. Mwanahabari akiandika hivyo, atakuwa amewapotosha wasomaji wake.

4. Asili za nje ya bara

Serikali ya kikoloni iligawa watu kwa rangi kabla ya kabila: Wazungu, Wahindi, Waarabu na Waafrika, na kila fungu lilikuwa na shule zake, hospitali zake na haki zake. Sensa ya 1962, ya mwisho kabla ya uhuru, ilihesabu watu wa asili ya Bara Hindi wapatao 176,000. Baada ya uhuru wengi hawakuchukua uraia katika muda uliowekwa, sheria ya leseni za biashara ya 1967 ikawabana wasio raia, na mwaka 1968 maelfu wakakimbilia Uingereza kabla milango haijafungwa. Sensa ya 2009 ilikuta raia wa asili hiyo wapatao 46,000, na wasio raia wapatao 35,000. Mwaka 2017 serikali ikawatangaza kuwa kabila la 44.

5. Waliogonga mlango

Mwaka huo huo wa 2017 Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani, na vizazi vikazaliwa Kwale bila vitambulisho. Mtu asiye na kitambulisho hafungui akaunti benki, hasajili laini ya simu, hapigi kura. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki hiyo, na baadaye wakaanza kupewa vitambulisho. Baada yao walifuata Washona, ambao wazazi wao walikuja kueneza injili, kisha Wapemba, wavuvi wa Kwale na Kilifi, waliotambuliwa mwaka 2023.

Hapa ndipo ninapoona thamani halisi ya jedwali. Limewapa watu hawa jina ambalo ofisi ya serikali haiwezi tena kulikana. Lakini linatufundisha pia kasoro yetu: Kenya imeacha kabila liwe mlango wa uraia, hata mtu aliyezaliwa hapa akalazimika kwanza kuwa kabila ndipo awe Mkenya.

6. Kwa nini tarakimu huzua ugomvi

Kila tarakimu imefungamana na mgao. Katiba ya 2010 inataka mipaka ya maeneo bunge ifuate idadi ya watu, na fedha za kaunti hugawanywa kwa vigezo ambavyo idadi ni kimojawapo. Ndiyo maana viongozi huwahimiza watu warudi kuhesabiwa nyumbani. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kufuta matokeo ya wilaya nane za Kaskazini Mashariki na Turkana, ikisema idadi imezidi kiasi, na shauri likafika mahakamani. Kabla ya hapo, majibu ya kabila ya sensa ya 1999 hayakuchapishwa kabisa.

Hofu inayozunguka tarakimu hizi ina chanzo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakafurushwa makwao, wengi wakiandamwa kwa sababu ya kabila. Ndipo ikatungwa sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008, inayokataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria hiyo haiwezi kutekelezwa bila hesabu za kabila.

Majirani wamepita njia nyingine. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu 1967. Rwanda iliondoa kabila kwenye vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, kwa kuwa vilitumika kuchagua wa kuuawa. Burundi iliandika migao katika katiba yake ya 2005: katika Bunge, Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40. Kila nchi ilijibu jeraha na historia yake. Kenya, yenye ubaguzi wa ajira unaohitaji kupimwa, haiwezi kufumba macho. Lakini haina ruhusa ya kupima kiholela.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila jedwali la makabila lichapishwe pamoja na maelezo ya namna makundi yalivyopangwa, na yapi yamebadilika tangu sensa iliyotangulia.

Pili, dodoso limruhusu mtu kutaja asili zaidi ya moja. Mtoto wa mama Mtaita na baba Mjaluo ana asili mbili, na kumtaka achague moja ni kumfuta mzazi mmoja.

Tatu, haki ya kutotaja kabila ilindwe. Mwaka 2009 watu zaidi ya 600,000 walijitaja kuwa Wakenya tu, na jibu hilo ni halali kama majibu mengine.

Nne, kitambulisho kitolewe kwa misingi ya uraia wa mtu mwenyewe, asingoje jamii yake itangazwe.

8. Hitimisho

Nawaomba walimu mlio hapa mkawafundishe wanafunzi kusoma jedwali hili kwa kuuliza lilivyopangwa, lini, na kwa faida ya nani. Nanyi wanahabari, matokeo ya sensa ijayo yatakapotoka, anzeni na jamii ndogo kuliko zote: mwandike kama zina shule, zahanati, maji na vitambulisho. Tukifanya hivyo, hesabu ya makabila itakuwa imeirudishia nchi gharama yake.