Kelele za Mifugo na Mabanda Madogo Mashambani
(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi)



Malalamiko juu ya kelele za mifugo aghalabu hupokewa ofisini kwa kicheko. Hata hivyo, kwa mfugaji jambo hilo ni kitoweo na ada ya skuli ya watoto, na kwa jirani ni usingizi. Kesi iliyotokea katika kisiwa cha Oléron, magharibi mwa Ufaransa, yafaa izingatiwe na kila mkaazi wa kisiwa ambako shamba na nyumba ya mapumziko vimepakana.

Katika Saint-Pierre-d'Oléron palikuwa na jogoo aitwaye Maurice. Mume na mke waliostaafu, wenye nyumba ya mapumziko jirani, walilalamika kwamba uwikaji wake wa alfajiri unawakosesha raha. Shauri lilisikilizwa mjini Rochefort mwezi Julai 2019. Tarehe 5 Septemba 2019 mahakama ililikataa dai lao kwa kuwa kero haikuthibitishwa, ikawaamuru wamlipe mwenye jogoo fidia ya euro 1,000.

Wengi walishangilia, wakidhani kuwa jogoo wa shamba amepewa ruhusa ya kuwika apendavyo. Sivyo. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufaa ya Riom iliamua shauri la banda la kuku kijijini kwa kumpa ushindi mfugaji, na katika hukumu ikaeleza kwa mzaha kwamba kuku ni kiumbe mpumbavu asiye na madhara. Hukumu hiyo ilichekesha nchi nzima. Mwaka 1997 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa iliitengua, kwani mahakimu walisema maneno ya jumla kuhusu kuku bila ya kuchunguza iwapo kuku wale, katika banda lile, walimsumbua jirani yule kupita kiasi. Afisa anayepokea malalamiko na aikumbuke nukta hiyo: hukaguliwa banda lililopo, saa za kelele, siku zake na umbali wa dirisha la mlalamikaji.

Kuhusu majengo, utaratibu wa kawaida wa Ufaransa hufuata ukubwa. Banda lisilozidi mita 5 za mraba kwa kawaida halihitaji kibali. Likizidi hapo hadi mita 20 za mraba, mwenyewe hupeleka taarifa ofisi ya meya kabla ya kujenga; likizidi 20, huomba kibali cha ujenzi. Katika maeneo yaliyohifadhiwa masharti ni makali zaidi. Lakini kusamehewa kibali cha ujenzi si kusamehewa kanuni za afya. Kanuni hizo kwa kawaida hutaka banda la kuku zaidi ya 50 waliotimiza siku 30 liwe angalau mita 25 kutoka nyumba ya jirani, na wakizidi 500, mita 50. Wajenzi wengi hulisahau hilo, kisha hushangaa banda lililojengwa kihalali linapopigwa marufuku kutiwa kuku.

Maurice alikufa mwaka 2020. Sheria ya tarehe 29 Januari 2021 iliziingiza sauti na harufu za mashamba katika urithi wa asili wa nchi hiyo. Sheria hiyo ni ya heshima zaidi kuliko ya kumaliza ugomvi. Yenye nguvu ni ile ya Aprili 2024: aliyehamia karibu na shughuli iliyokuwapo kabla yake hawezi kudai fidia, mradi shughuli hiyo ni halali na inaendelea kwa hali ile ile, au kwa hali mpya isiyozidisha kero. Kwa hiyo mfugaji aliyekuwa na kuku watano jirani alipohamia, kisha akaongeza mamia na kelele zikazidi, hawezi kujikinga kwa kusema kwamba yeye ndiye aliyetangulia.