Mashine za Hospitali Zilizotumika: Kamina Ipokee Nini, Ikatae Nini?

Mada ya semina ya wasimamizi wa hospitali, wauguzi na mafundi wa jimbo la Haut-Lomami



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwepo katika kituo kimoja cha afya siku ilipofika mashine ya ekografi kutoka ng'ambo, zawadi ya watu wema. Mama mwuguzi alileta kitambaa safi akapangusa kioo chake taratibu, kama anayepangusa uso wa mtoto. Nyuma ya mashine palikuwa na kibati kidogo kilichoandikwa: volti 120, hezi 60. Hakuna aliyekisoma. Umeme wetu ni volti 220. Fundi alikata plagi ya meno bapa, akafunga nyingine, akawasha. Ulisikika mlio mmoja, kisha ikaja harufu ya waya ulioungua. Wajawazito waliokuwa wakingoja kwenye benchi nje waliinuka mmoja mmoja wakarudi nyumbani.

Aliyetoa hakukusudia ubaya, wala aliyepokea. Kilichokosekana ni karatasi: maswali machache ambayo yangeulizwa na kujibiwa kabla sanduku halijafungwa huko lilikotoka. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba sheria za dunia zinatupa haki ya kuidai karatasi hiyo, na kwamba haki hiyo ina nguvu kabla mzigo haujasafiri. Baada ya hapo hupungua kila kilomita.

1. Umbali wetu

Kamina ni njia panda ya reli: njia moja inatoka Lubumbashi, nyingine inakwenda Ilebo, nyingine Kabalo na Kalemie. Kontena lililoshushwa bandarini Dar es Salaam linaweza kupita Zambia na Kasumbalesa hadi Lubumbashi, ndipo lipande treni. Linaweza pia kwenda Kigoma, livuke Ziwa Tanganyika hadi Kalemie. Kwa vyovyote vile mzigo hupakuliwa na kupakiwa mara nyingi, na kila mara vyombo vyepesi kuvunjika hutikisika. Mashine ikifika imekufa, hakuna atakayelipa nauli ya kuirudisha. Itazikwa hapa hapa, na risasi ya ndani yake, zebaki yake na mafuta yake vitabaki katika ardhi yetu.

Tatizo hili si la Kamina peke yake. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vilivyotolewa kama msaada ndivyo huanza kufanya kazi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu hospitali za nchi maskini ulikuta kama asilimia 40 ya vifaa vimesimama.

2. Soko lilivyo

Hospitali za Ulaya na Marekani hubadilisha mashine zikiwa bado na uhai, kwa sababu teknolojia mpya imetoka au mkataba wa matengenezo umekwisha. Kutoka hapo mashine hufuata mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni kurudi kiwandani, ambako hufunguliwa, hubadilishwa vipuri, hupimwa na kuuzwa tena kwa dhamana. Tangu 2019 kuna hata kiwango cha kimataifa cha kazi hiyo kwa mashine za picha, IEC 63077. Ya pili ni madalali na minada, ambako huuzwa jinsi ilivyo. Ya tatu ni msaada.

Wengi wetu tunapokea kwa njia ya pili na ya tatu, nako ndiko dhamana inakokosekana. Kosa letu kubwa ni kuuliza bei peke yake. Mashine ya bure isiyo na kichwa chake cha kupimia, wala kitabu cha fundi, wala neno la siri la kufungulia programu yake, inaweza kutugharimu kuliko mashine ya kununua.

Hesabu za forodha nazo hazitusaidii. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, nguo za mitumba zina nambari yao, 6309, na matairi yaliyotumika yamo katika 4012. Lakini mashine ya eksirei, ile tunayoiita radio, hupita kwa 9022 iwe mpya au kuukuu, na ekografi hupita kwa 9018. Taka za umeme zilipata nambari yao, 8549, mwaka 2022 tu. Kwa hiyo afisa wa forodha akisoma tamko la mzigo hawezi kujua kwa nambari peke yake kama mbele yake kuna kifaa kizuri au kilichochoka. Karatasi ya mpokeaji ndiyo inayoweza kumwambia.

3. Sheria zinasemaje

Sheria ya kwanza ni ya biashara. Kongo ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1 Januari 1997. Kifungu cha 11 cha mkataba wa GATT hakiruhusu nchi kupiga marufuku bidhaa ovyo, lakini kifungu cha 20 kinaruhusu hatua za kulinda uhai na afya ya watu. Mwaka 2007, katika kesi ya Brazil ya matairi yaliyovalishwa mpira upya, waamuzi walikubali kwamba nchi inaweza kukataa bidhaa inayoongeza taka zenye madhara, ila wakaikosoa Brazil kwa kuwakatalia wengine na kuwafungulia wengine. Fundisho kwetu ni hili: kataa kwa sababu ya afya, na kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Sheria ya pili ni ya taka. Mkataba wa Basel wa 1989 unataka taka zenye sumu zisivuke mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Mkataba wa Bamako wa 1991, ulioandikwa na Waafrika wenyewe, unakwenda mbali zaidi: unakataza kabisa kuingiza taka hizo Afrika kutoka nje, na unasema kufanya hivyo ni jinai. Kongo imo katika yote miwili. Na kuanzia 1 Januari 2025, chini ya Basel, taka zote za umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, zinahitaji ridhaa ya maandishi kabla ya kusafirishwa. Marekani ilitia sahihi Basel mwaka 1990 lakini haikuridhia. Nchi wanachama haziruhusiwi kupokea taka hizo kutoka nchi isiyo mwanachama bila makubaliano maalumu. Mashine iliyokufa itokayo huko, basi, haina mlango halali wa kuingilia kwetu.

Je, mashine iliyotumika ni taka? Ikiwa inafanya kazi na inakwenda kutumika, si taka. Lakini anayeituma ndiye anayepaswa kuthibitisha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2012 kuhusu taka za umeme, katika Kiambatisho cha 6, inamdai mtumaji vitu vinne: ankara na mkataba, ushahidi kwamba kila kifaa kimepimwa na kinafanya kazi, tamko lake kwamba mzigo hauna taka, na ufungaji unaokinga kifaa njiani. Rafiki yetu wa Ubelgiji au Ujerumani anadaiwa hayo na nchi yake mwenyewe. Tukimwomba nakala hatumvunjii heshima.

Mzigo ukionekana ni taka iliyoingizwa kinyume cha sheria kwa kosa la mtumaji, kifungu cha 9 cha Basel kinaitaka nchi ulikotoka iurudishe ndani ya siku 30 tangu ijulishwe. Kwa hiyo tusinyamaze, na tusitupe shimoni kabla ya kupiga picha na kuandika ripoti.

4. Mionzi

Mashine zenye mionzi zinahitaji tahadhari ya pekee. Mwaka 1977 hospitali moja ya Ciudad Juárez, Meksiko, ilinunua kutoka Marekani mashine kuukuu ya kutibu saratani, ikaingizwa bila kibali. Ilikaa ghalani miaka sita kwa kukosa wa kuitumia. Desemba 1983 ilivunjwa ikauzwa kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na punje zipatazo 6,000 za kobalti 60. Zikayeyushwa pamoja na vyuma, zikawa nondo za kujengea nyumba. Jambo hili liligunduliwa Januari 1984, pale lori lililobeba nondo hizo lilipopita karibu na maabara ya Los Alamos na kengele ya mionzi ikalia.

Hakuna mtu wa Kamina anayepaswa kufungua chombo cha mionzi kwa bisibisi. Mashine ya eksirei haina punje kama zile, hutoa mionzi ikiwashwa tu, lakini nayo inahitaji chumba chenye kinga na mtaalamu wa kuipima kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila hospitali iandike orodha ya mahitaji yake, isingoje kuulizwa.

Pili, kila ahadi ya mashine ijibiwe kwa barua yenye maswali haya: Umeme wake ni volti ngapi na hezi ngapi? Ilitengenezwa mwaka gani, na kiwanda bado kinauza vipuri? Nani ameipima, lini, na matokeo yako wapi? Kitabu cha Kifaransa kipo? Nani atamfundisha fundi wetu? Jibu lisipokuja, mzigo usipakiwe.

Tatu, barua hiyo isainiwe na daktari mkuu pamoja na fundi. Fundi aitwe mwanzoni, asiitwe tu siku ya kuzika.

Nne, nakala zipelekwe mapema kwa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, kwa forodha, DGDA, na kwa mamlaka ya dawa na vifaa, ACOREP, ili mzigo mzuri usikwame njiani pamoja na mbaya.

Tano, jimbo liwe na daftari moja la mashine zote, zilizo hai na zilizokufa, ili kipuri cha mashine iliyosimama Bukama kiweze kuokoa ile ya Kabongo.

6. Hitimisho

Ndugu zangu, sisemi tufunge mlango. Kuna mashine zilizotumika ambazo leo zinaokoa wajawazito wetu, na waliozituma tunawashukuru. Lakini shukrani ya kweli ni kumwambia mtoaji mapema kile kitakachofanya kazi hapa. Yule mama mwuguzi na kitambaa chake alikuwa tayari kuitunza mashine ile miaka mingi. Swali la volti lingeandikwa kwa dakika mbili tu, na wajawazito wale wasingeondoka kwenye benchi bila kupimwa.