Kabla ya Kusasisha Programu Yako ya Muziki

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linaloonekana dogo, ila laweza kumfanya mtu atoe fedha bila sababu, au apoteze kitu kisichonunulika dukani. Jambo hilo ni kusasisha programu huria za kuchezea muziki ili zitambue simu na vifaa vingine vya mkononi.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Mfano unaojulikana ni VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, nchini Ufaransa, na mwaka 2001 ikatolewa kwa umma kwa leseni ya GPL. Watengenezaji wake huitoa bila malipo.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mtu amechomeka simu mpya kwenye kompyuta, amefungua programu aliyoizoea, nayo haioni wimbo hata mmoja. Asikimbilie kudhani kwamba simu ni mbovu. Zamani vifaa vingi vilijitambulisha kwa kompyuta kama flashi. Leo simu za Android hutumia utaratibu mwingine uitwao MTP, na programu isiyoujua huwa kama mwenyeji anayebishiwa hodi kwa lugha asiyoielewa. iPod nayo ina orodha yake ya ndani. Wimbo ulionakiliwa bila kuandikwa katika orodha hiyo hauonekani kwenye kioo chake. Ndiyo maana vifaa vipya vinapotoka, mara nyingi programu nayo huhitaji toleo jipya.

Hata hivyo, kabla ya kusasisha, angalieni mambo mawili yasiyo na gharama. Baadhi ya waya za USB huchaji tu, wala hazipitishi mafaili. Jaribuni waya mwingine. Aidha, simu iliyofungwa, au iliyoachwa katika hali ya kuchaji, haioneshi yaliyomo. Ifungueni, kisha chagueni hali ya kuhamisha mafaili.

Ikiwa tatizo limebaki palepale, zingatieni yafuatayo.

Kwanza, tengenezeni nakala ya akiba. Hapa ndipo penye hasara kubwa. Programu nyingi zina amri ya kusawazisha, ambayo yaweza kukifanya kifaa kifanane kabisa na maktaba iliyo kwenye kompyuta. Kilichomo katika kifaa lakini hakimo katika kompyuta huweza kufutwa. Chukueni mfano wa familia iliyorekodi sauti ya babu akisimulia asili ya ukoo, na rekodi hiyo ikawa katika simu moja tu. Wimbo uliofutika utapatikana tena. Sauti ya marehemu haitapatikana. Nakilini kwanza, hakikisheni nakala inafunguka, ndipo msawazishe.

Pili, chukueni programu kwa wenyewe. VLC ipatikane katika tovuti ya VideoLAN au katika duka rasmi la programu la simu yenu; watumiaji wa Linux wachukue katika hazina ya mfumo wao. Wapo wanaochukua programu huria, wakaifungasha pamoja na matangazo au programu hasidi, kisha wakaisambaza kwa jina lilelile. VideoLAN yenyewe imewahi kuwaonya watumiaji kuhusu udanganyifu huo. Ukurasa unaodai namba ya kadi ya benki ili upewe VLC ufungeni mara moja.

Tatu, jueni mnalipia nini. Fundi anayewawekea programu anastahili ujira wa kazi yake, na hilo si kosa. Lakini akisema kwamba anawauzia leseni ya programu ambayo watengenezaji wanaitoa bure, mwombeni maelezo na risiti kabla ya kulipa.

Nne, tofautisheni programu ya kompyuta na ya kifaa. Kusasisha ya kompyuta hakukifundishi kifaa cha zamani kusoma mafaili ya FLAC au Ogg Vorbis kama hakikuwa na uwezo huo. Katika hali hiyo, geuzeni nakala ya wimbo iwe MP3, nalo faili la asili mlihifadhi, kwa kuwa ubora unaopotea katika ugeuzaji haurudi. Zipo pia programu huria kama Rockbox, iliyoanza mwaka 2001, ambazo huchukua nafasi ya programu ya ndani ya kifaa chenyewe. Hizo zinahitaji uangalifu zaidi: hakikisheni aina kamili ya kifaa imetajwa miongoni mwa vinavyokubalika, na someni masharti ya dhamana kwanza.

Mwisho, leseni ya GPL hueleza kwamba programu inatolewa bila dhamana, kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Lakini uhuria wa programu haumwondolei muuzaji wa kifaa wajibu wake. Kifaa kikiwa kibovu, kirudisheni kwa aliyewauzia mkiwa na risiti mkononi.

Ndugu wasikilizaji, haraka haraka haina baraka. Dakika chache za kunakili na kusoma zitawaepusha na majuto ya muda mrefu.